Mama Keziban na Haki ya Meryem

Ukimwona mama mkwe wangu Keziban njiani, amebeba kikapu cha majani ya mzabibu na kitambaa cha kichwa kimeshuka mpaka kwenye nyusi, utadhani ni bibi wa kawaida anayelalamikia magoti. Na magoti anayalalamikia kweli. Lakini huku kwetu Çal kila mwenye kijana wa kuozesha anamjua kwa jambo jingine. Wanasema ana jicho.

Jicho lenyewe ni la bwawani. Msichana akikuletea kahawa sebuleni kwao, amejifunika kuanzia kichwani hadi miguuni, ameinamisha uso, ananukia sabuni, utajua nini? Kwa hiyo tangu zamani akina mama wa huku hupenda kumtazama binti kwenye maji ya moto, kule wanawake wote huingia na shuka moja tu na mvuke umejaa. Wanatazama ngozi, mgongo, nywele kama ni zake au za dukani. Wanatazama namna anavyompa mama yake bakuli la maji, kwa upole au kwa kumtupia. Binti mwenyewe mara nyingi hajui. Na mama wa kijana asiyeyaamini macho yake mwenyewe humchukua Keziban.

Mama akisema, "Huyu hana neno," basi harusi ipo. Akisema, "Mh, mimi simo," watu wanakunywa chai yao na kuanza kuzungumzia mvua.

Hata mimi nilitazamwa hivyo. Niliambiwa nikiwa nimeshamzaa Elvan, ndipo nikamuuliza, "Mama, uliona nini kwangu?"

"Niliona ulimkausha mama yako miguu kabla hujajikausha wewe. Mengine sikuangalia."

Mpaka leo sijui kama ni kweli au ananipenda tu.

Na yeye pia walimtazama, wakati wake. Alikuwa na miaka kumi na mitano, hana mama, anaishi kwa shangazi yake. Walikuja wanawake wanne. Mmoja alimkumbatia kumbe anamnusa mdomo. Mwingine alimpa jozi avunje kwa meno, waone kama meno ni mazima. "Walinigeuzageuza kama tikiti sokoni," husema na kucheka mpaka machozi yamtoke. Akaolewa, akazaa watoto sita, wakakua wawili. Mume alipofariki, shamba la zabibu likawa lake na magoti yake. Halim, mume wangu, ndiye mdogo wa wale wawili.

Kila mwaka, zabibu zikishavunwa na juisi yake ikishachemshwa ikawa asali na kufungwa kwenye mitungi, Halim hutupeleka Karahayıt kwenye maji ya moto. Anatushusha na sufuria zetu, gunia la mikate mikavu, zeituni, na unga wa tarhana wa supu, kisha anarudi shambani. Ndiyo likizo yetu. Tunapanga chumba kwenye nyumba ya wageni yenye bwawa lake na jiko moja la kupikia wote. Maji ya pale ni mekundu kama kutu na yanatoka ardhini yakiwa ya moto. Ukiingia na shuka nyeupe utatoka na rangi ya chungu. Saa za asubuhi na alasiri ni za wanawake. Zilizobaki ni za wanaume.

Mwaka huu tulimkuta pale Fadime wa kijijini kwetu, ambaye mdomo wake haupoi. Mama alipoingia majini na kufumba macho, Fadime akasema, "Keziban, huko chini umepata mume nini? Mbona unatabasamu peke yako?"

"Nimepata, lakini naye ana magoti."

Wanawake wote wakacheka. Ndivyo bwawa lilivyo.

Siku hiyo hiyo akatufuata mama mmoja wa Sarayköy, mnene, bangili za dhahabu mpaka karibu na kiwiko, jina lake Nefise. Alikaa kando ya Mama, akajimwagia maji mabegani mara mbili, kisha akaanza.

"Wewe si ndiye Keziban wa Çal?"

"Inategemea anayeuliza ananidai nini."

"Sikudai. Nakuomba. Mwanangu Okan kampenda msichana anayefanya naye kazi kiwandani, pale Denizli wanakoshona taulo. Anaitwa Meryem. Nikasikia mama yake anamleta huku kwenye maji. Basi na mimi mgongo ukaniuma ghafla." Akakonyeza. "Wako chumba cha mwisho. Nitazamie tu, dada yangu. Mimi macho yangu ni ya mama, yataona ninachokitaka."

Mama alitikisa kichwa kwamba amekubali. Haikuwa jambo kubwa. Ameshafanya mara nyingi.

Meryem aliingia alasiri na mama yake, Sabriye. Msichana mrefu, mwembamba, nyusi nzito, shuka ameifunga juu kabisa chini ya makwapa, si kiunoni kama sisi, na kuishika kwa mkono. Nililiona hilo. Nikadhani ana aibu tu, kama nilivyokuwa mimi kabla ya kuzaa. Alimketisha mama yake, akampitishia bakuli kwa mikono miwili. Nefise akamgusa Mama kwa kiwiko: umeona? Mama akatabasamu. Mambo yalikuwa yanaenda vizuri.

Kisha mwanangu Elvan akaniponyoka.

Ana miaka miwili, hatembei, anakimbia tu. Alikimbia ukingoni, pale mawe yameota utelezi, na mimi nilikuwa nimekaa majini mpaka kifuani, nikabaki nimenyoosha mikono kama mjinga. Meryem ndiye aliyeruka. Alimdaka Elvan kwa mikono yote miwili, akambana kifuani, na shuka yake ikaanguka mpaka miguuni.

Alisimama hivyo kwa muda mfupi sana, mtoto mikononi, hana mkono wa kujifunikia. Tumboni, kiunoni, mapajani, alikuwa na mistari myeupe mingi, kama ile ninayoichukia mimi tumboni kwangu tangu nimzae huyo huyo Elvan. Sabriye alikuja mbio na shuka akamzungushia. Meryem akanipa mtoto wangu. "Mshike, dada, jiwe linateleza," akasema. Uso umemwiva kwa aibu.

Nilimwambia asante. Niliposogea kwa Mama, nilimkuta ameshamwinamia Nefise.

"Tumbo lile limewahi kubeba," alisema.

Alisema kwa sauti ndogo. Lakini bwawa lile lina paa la duara, na neno ukilinong'ona upande mmoja linazunguka na mvuke. Fadime aliacha kujisugua kisigino.

"Mama," nikasema kwa sauti ya chini, "huenda ni kitu kingine."

"Kitu gani, mwanangu? Wewe yako uliipata wapi? Kwa kula tikiti?"

Wawili watatu walicheka. Nilikuwa nimembeba mtoto ambaye msichana yule alimdaka, bado ana alama ya vidole vyake mkononi, nikanyamaza.

Kufikia chai ya jioni neno lilikuwa limeshafika jikoni. Unalijua kwa namna watu wanavyopanga viti. Sabriye alipoingia na birika lake, mazungumzo yakaisha, kila mtu akaanza kupuliza chai ambayo ilishapoa. Nefise hakuja kabisa. Meryem alisimama mlangoni, akatutazama mmoja mmoja, kisha akamwambia mama yake, "Tukanywee chumbani."

Asubuhi nilikuwa nakoroga supu ya tarhana, Mama amekaa kwenye kiti kifupi anamenya vitunguu saumu. Sabriye akaingia. Ni mwanamke mdogo kwa umbo, anayesema taratibu, na hata siku ile alisema taratibu. Alimfuata Mama moja kwa moja.

"Dada Keziban, mwanangu alipokuwa na miaka kumi na saba figo zilikuwa zinakufa. Dawa waliyompa ilimvimbisha. Alivimba uso mpaka macho hayaonekani, alivimba tumbo, ngozi ikapasuka yenyewe usiku kitandani, nami nampaka mafuta na kulia. Alipopona ule uvimbe ukaisha, mistari ikabaki. Miaka yote hii nilimwambia, twende kwenye maji, yatakusaidia, hakuna atakayekutazama. Yeye anakataa, nami ninamwambia hakuna atakayekutazama." Alipumua. "Mwaka huu ndiyo kakubali."

Mama alikuwa ameshika kisu na kitunguu.

"Mimi niliona mistari, nika..."

"Uliona mistari ukasema mtoto. Nefise kampigia mwanawe simu jana. Sasa kiwandani watajua wote." Sabriye akachukua sufuria yake kwenye rafu. "Tunafunga mizigo. Meryem kapanda kule juu kwenye magofu ya mji wa kale, anasema anataka hewa isiyo na watu."

Akatoka. Supu ilimwagika, nikazima moto. Mama hakusogea. Nikamtolea kisu mkononi, kisha kitunguu, kama unavyomtolea mtoto kitu alicholala nacho.

"Wewe ulinambia," akasema.

"Nilisema kidogo mno, Mama."

"Ulisema. Mimi nikawafanya watu wakucheke."

Hakula. Mkate aliuweka mdomoni akautoa. Alikwenda kuswali akakaa kwenye mkeka muda mrefu hata Elvan akampanda mgongoni akidhani ni mchezo, naye hakumshusha. Nilipomfuata alikuwa na uso wa kijivu.

"Dhambi zangu mimi na Mungu tunajuana," alisema. "Nikiomba asubuhi na jioni atanisamehe, au asinisamehe, ni yake. Lakini hii si yake, mwanangu. Hii ni haki ya mja. Mungu ataniambia nenda kwa Meryem. Meryem asiponihalalishia, yaani asiponisamehe haki yake, nimekwisha." Alijaribu kusimama, magoti yakakataa, nikamshika. "Nipeleke huko juu."

"Mama, ni ngazi tupu huko."

"Nipeleke."

Mtu mwenye gari alitufikisha kwenye lango la kaskazini, pale unapoanza kwa kupita kwenye makaburi ya kale. Sisi tunayajua makaburi yale tangu utotoni. Tulikuwa tunapelekwa na shule na kula mkate juu ya vifuniko vyake. Mawe makubwa yamepasuka, mengine yameegemeana, mengine yamezama nusu kwenye chokaa iliyoletwa na maji. Mama alikuwa anapita kati ya mawe hayo na fimbo, midomo inacheza. Nilidhani anawasomea wafu wale wa zamani, ambao si Waislamu wala si jamaa zetu. Kumbe anajifunza maneno ya kumwambia Meryem.

Wageni kutoka nchi za mbali walikuwa wametapakaa kila mahali, viatu mkononi, wametoka kutembea kwenye mawe meupe ya Pamukkale, nyayo zao zimelowa. Nilimuuliza mlinzi, akanionyesha kwa kidevu: msichana wa peke yake? Yuko kwenye ukumbi wa maonyesho.

Ukumbi ule umechongwa kwenye mlima kama bakuli lililokatwa nusu, safu za viti vya mawe zinapanda mpaka juu mbinguni. Tuliingilia chini. Meryem alikuwa safu za juu kabisa, amekumbatia magoti, kitambaa chake cha kijani. Alituona. Hakushuka.

"Kaa hapa, Mama, nitamwita."

"Asiitwe. Mimi ndiye mwenye shida."

Akapanda. Sijawahi kuona kitu kama kile na sitaki kukiona tena. Ngazi zile zilijengwa na watu wenye miguu mirefu. Alianza kwa fimbo, kisha fimbo akaiacha chini, akawa anakaa kwenye ngazi kwa matako na kujivuta kinyumenyume moja moja, kama Elvan alipokuwa anajifunza kupanda kochi. Mimi nilikuwa nyuma yake na mtoto mgongoni, siwezi kumshika wala kumwacha. Vijana wa kigeni wawili walikuja kumsaidia, akawafukuza kwa mkono. Meryem alikuwa anatazama tu. Mara moja aliinuka nusu, kisha akakaa tena.

Tulipobakiza safu kama tatu hivi, Mama hakuweza zaidi. Alikaa pale, jasho linamtoka, akaanza kusema kutoka hapo hapo.

"Meryem, mwanangu. Nimekukosea."

Sauti yake ilishuka mpaka chini kabisa. Ukumbi ule hauachi neno. Wageni waliokuwa wanapiga picha waligeuka.

"Punguza sauti, shangazi. Watu wanasikia."

"Wasikie. Nilisema uongo juu ya mwili wako. Sikujua ni uongo, lakini sikuuliza pia. Mama yako kaniambia habari za figo. Nihalalishie, mwanangu. Nimekuja na magoti haya kwa ajili hiyo tu."

Meryem akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Unajua nilichojisikia mimi jana? Nilijisikia kama nimezaa kweli. Nililala na aibu ya mtoto ambaye sikumzaa. Okan kanipigia, hakuniuliza kitu, alikuwa ananyamaza tu kwenye simu. Unaujua unyamavu huo?"

"Ninaujua."

"Huujui." Akatazama chini kwa wageni. "Hawa wote wamekusikia ukiomba msamaha, sivyo? Na hakuna hata mmoja aliyeelewa. Huyu mzee mwenye kofia anadhani tunauza vitambaa. Kusema mbele yao ni rahisi, shangazi. Yale ya jana hukuyasemea hapa."

Mama akainamisha kichwa.

"Unataka nikayaseme kule."

"Mimi sitaki kitu. Mama anataka tuondoke leo, mimi nimemwambia hapana, tutaondoka siku yetu. Sikimbii mistari yangu mwenyewe." Akamtazama Elvan, ambaye alikuwa amemnyooshea mikono akiwa mgongoni kwangu, maana watoto hawajui kuchagua wakati. Meryem akashuka zile safu, akamgusa shavu. Kisha akampita Mama bila kumgusa, akateremka haraka kama mbuzi, hata fimbo ya Mama iliyokuwa chini akairuka.

Kwenye gari la kurudi Mama alisema jambo moja tu: "Alimdaka mjukuu wangu. Kama angejali shuka yake, huyu angepasuka kichwa." Akafumba macho.

Alasiri bwawa lilikuwa limejaa. Sabriye alikuwa amekaa kwenye kona na Meryem, wamegeukia ukuta. Nefise naye alikuwepo, amejaa upande wa pili na bangili zake. Mama aliingia na shuka yake ya zamani iliyobadilika rangi, akashuka ngazi za maji, lakini hakukaa. Alisimama katikati.

"Dada zangu, nisikilizeni."

"Umempata yule mume?" akauliza Fadime.

"Nyamaza, Fadime. Sitanii." Maji yakatulia. "Jana nilisema juu ya binti wa Sabriye kwamba tumbo lake limewahi kubeba. Halikubeba. Msichana aliumwa figo, dawa zikampasua ngozi. Mimi niliona mistari nikasema ninalotaka kuona. Nilisema uongo. Nefise, nilikudanganya. Mwambie mwanao kwamba Keziban wa Çal kamsingizia mtoto wa watu."

Hakuna aliyecheka. Nilimtazama Meryem. Alikuwa bado amegeukia ukuta, lakini mkono wake uliokuwa unamsugua mama yake mgongo ulisimama.

Kama lingeishia pale, nadhani Mama angepata nafuu. Lakini Fadime alisogea mbele polepole, maji yamemfika mapajani, na mara hii hakuwa na utani usoni.

"Na mpwa wangu je?"

"Mpwa wako yupi?"

"Nurdan. Binti wa kaka yangu. Ulisema anapumua vibaya, kifua hakiko sawa. Ile posa ikarudi. Uliona nini pale, Keziban?"

Mama akafungua mdomo. "Alikuwa anakohoa."

"Alikuwa na mafua!"

Mwingine akasema kutoka kwenye mvuke, mwanamke nisiyemjua jina, "Mimi sikukujua, lakini mwanangu alikataliwa na watu wa Çal kwa sababu ya alama nyeusi mgongoni. Alizaliwa nayo. Ulikuwa wewe?"

"Sijui," alisema Mama. "Labda. Sikumbuki."

"Hukumbuki!"

Nilimwona akitafuta pa kushika na hakuna. Katikati ya bwawa hakuna ukuta. Alikuwa anageuka kwa kila anayesema, shuka imemganda mwilini, tumbo lake la watoto sita linaonekana wazi, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi alivyo mdogo. Niliingia majini na nguo zangu nikamshika mkono. Ndicho kitu pekee nilichoweza kumfanyia.

"Na mimi nikiwa na miaka kumi na mitano walinipa jozi nivunje," akasema, sijui kwa nani. "Nilivunja. Nikachukia. Halafu nikaenda kufanya yale yale."

Nefise akavuka maji akamfuata Sabriye, akaanza kwa sauti ya harusini. "Sabriye, dada yangu, basi yameisha, jambo la kutoelewana tu. Leo jioni njooni tunywe kahawa, tuanze upya..."

Meryem akageuka. Alisimama, shuka akaifunga kiunoni kama wanawake wengine wote, tumbo wazi, mistari yote wazi.

"Kahawa hatunywi, mama. Okan akiwa na la kusema, ana namba yangu. Aseme mwenyewe."

Nefise alirudi kwenye kona yake.

Siku yao ya kuondoka ilifika. Huku kwetu mtu hatoki kwenye nyumba ya wageni hivi hivi. Mmekula jiko moja, mmeoga maji mamoja, huenda mtu kachukua chumvi yako bila kukuambia. Anayeondoka anapita kwa kila mmoja, "Nihalalishie haki yako," na anajibiwa, "Halali yako, nawe nihalalishie." Sabriye alipita hivyo. Alipofika kwa Mama alimshika mabega.

"Yangu nimekupa," akasema. "Ya Meryem si yangu kuitoa."

Meryem alimbusu Elvan, akanikumbatia mimi. Nikamwambia, "Nihalalishie, nilinyamaza siku ile." Akasema, "Halali, dada," bila kufikiri hata kidogo, na nikaona aibu zaidi kwamba nimesamehewa kirahisi hivyo. Kisha akasimama mbele ya Mama. Kwa kawaida mdogo hubusu mkono wa mkubwa na kuuweka kwenye paji lake. Hakufanya. Ndipo Mama akainama, yeye, akaushika mkono wa Meryem ili aubusu. Meryem akauvuta.

"Usifanye hivyo, shangazi. Usinitie dhambi."

"Basi nihalalishie."

Alimtazama Mama muda mrefu. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu anayejipima homa.

"Bado," akasema. "Nikikwambia sasa, itakuwa mdomoni tu, na wewe utajua. Haki yangu bado ninayo."

Mama akaitikia kwa kichwa. "Kaa nayo. Ni yako."

Gari lao lilipokata kona Mama aliniuliza kama namba ya Meryem ninayo. Nikasema nilipewa na Sabriye, naye yangu nimempa. "Usiifute," akasema, akaingia ndani kukusanya sufuria, maana na sisi Halim alikuwa njiani kutuchukua.

Sasa ni majira ya kupogoa mizabibu. Mama wa kijana mmoja alikuja wiki iliyopita na sahani ya vitumbua vya asali, akaanza kuzungukazunguka kama wanavyofanya. Mama akamrudishia sahani yake. "Kamuulize mwanao," akamwambia, "na huyo binti mkamuulize pia." Yule mama aliondoka akinung'unika. Nyumbani kwa kaka yake Fadime Mama alishakwenda. Kwa Nurdan alikaa asubuhi nzima, akarudi macho mekundu, na Nurdan amemhalalishia. Wa alama nyeusi anaendelea kumtafuta, kwa kuulizia kijiji kwa kijiji.

Kila nikishika simu yangu kumtumia Halim ujumbe tukiwa shambani, Mama huinua kichwa kutoka kwenye matawi.

"Meryem kapiga?"

"Bado, Mama."

Naye huchukua mkasi na kuendelea na mzabibu unaofuata.